Mshukiwa Alipotangulia Ushahidi: Mauaji ya West Memphis, 1993

Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wanasheria wenzangu, askari wetu, wasaidizi wa kisheria mliotoka vijijini, na ninyi vijana wa redio ambao naona mmeshapanga vinasa sauti mezani: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie upelelezi wa mauaji katika mji mdogo usio na fedha. Najua wengi mlitarajia nianze na habari za hapa kwetu Kanda ya Ziwa, habari za vikongwe wanaouawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu ya macho mekundu. Nitafika huko, ila nitapitia mlango mwingine. Kesi ya jirani mtu huisikiliza akiwa na shemeji yake ndani, na kabla hujamaliza ameshaanza kutetea. Kesi ya mbali haina shemeji. Kwa hiyo leo nawapeleka jimbo la Arkansas, Marekani, katika mji unaoitwa West Memphis.

Msiuchanganye na Memphis wenyewe, jiji la muziki lililo ng'ambo ya mto Mississippi, jimbo la Tennessee. West Memphis uko upande wa pili wa mto. Mwaka 1993 ulikuwa na watu kama 28,000 hivi. Barabara kuu mbili za nchi hukutana pale, kwa hiyo uhai wa mji ulitegemea malori: vituo vya mafuta, sehemu za kuoshea malori, migahawa ya madereva, na uwanja wa mbio za mbwa ambako watu walicheza kamari. Pembeni kuna mashamba ya pamba, na mashamba hayo yalishaacha zamani kuhitaji mikono ya watu. Maskini wengi, weupe kwa weusi, walikaa kwenye nyumba za matela, zile nyumba za mabati zinazovutwa kwa magurudumu. Mliowahi kuishi kwenye mji wa barabarani mnaujua mji wa namna hiyo. Kila usiku unapitiwa na maelfu ya watu wasiojulikana, na asubuhi wamekwenda.

Jumatano, tarehe 5 Mei 1993, watoto watatu wa kiume, wote wa miaka minane, walitoka kuendesha baiskeli jioni na hawakurudi. Kesho yake mchana walikutwa wamekufa ndani ya mfereji, katika kijipori kilichopakana na barabara kuu na sehemu ya kuoshea malori. Walikuwa uchi, wamefungwa mkono kwa mguu kwa kamba za viatu vyao wenyewe. Majina yao yako kwenye kumbukumbu za mahakama, lakini wazazi wameshasikia majina hayo yakitajwa vya kutosha na watu wasiowajua, nami sitayaongeza.

Sasa askari, hapa nawaomba masikio. Mambo ya saa ishirini na nne za kwanza hayarudi. Miili ilitolewa majini kabla daktari wa kuchunguza vifo hajafika, ikalazwa kingoni kwenye joto. Makadirio ya saa ya kifo yakaharibika papo hapo, na kesi nzima ya mauaji huning'inia kwenye saa ya kifo, kwa sababu ndiyo inayokwambia nani alikuwa wapi.

Kisha kuna habari ya mgahawa. Jioni ileile watoto walipopotea, meneja wa mgahawa mmoja wa kuku, mwendo mfupi kutoka kwenye kijipori kile, aliwapigia polisi simu. Mwanamume mmoja ameingia choo cha wanawake, ana damu na matope, anaonekana kachanganyikiwa, na ameacha damu ukutani. Askari alifika. Alizungumza na meneja kupitia dirisha lile la kuuzia watu waliomo ndani ya magari, akaondoka bila kushuka. Kesho yake, miili iliposhaonekana, wapelelezi walikwenda kukwangua damu ile ukutani. Mpelelezi aliyehusika alieleza mahakamani baadaye kwamba sampuli zile zilimpotea. Hazikupimwa kamwe. Yawezekana mtu yule alikuwa mlevi aliyejikata na chupa tu, hakuhusika na lolote. Ni kitu cha kupimwa kwa siku chache, na mpaka leo watu wanabishana juu yake.

Basi wiki zikapita. Maabara ya jimbo ilikuwa mbali, mji wa Little Rock, na majibu hayakuja. Mkuu wa wapelelezi aliwaandikia barua akilalamika kwamba yeye na wapelelezi wake wanafanya kazi kama watu waliofungwa vitambaa machoni. Simuonei, nyie mnajua kusubiri majibu ya maabara kunavyokuwa. Mji ulishikwa na hofu, zawadi ya zaidi ya dola 30,000 ilitangazwa, wanahabari walipiga kambi. Kiongozi katika hali hiyo anahitaji jina kuliko anavyohitaji ukweli.

Na jina lilikuwapo. Lilikuwapo tangu kabla ya mauaji, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Ofisi ya watoto wakosaji ya wilaya ile ilikuwa imemfuatilia kijana mmoja kwa muda. Damien Echols, miaka 18, aliyeacha shule, mtoto wa familia ya shida, aliyewahi kulazwa kwa matatizo ya akili. Alivaa nguo nyeusi hata wakati wa joto. Alisikiliza Metallica, bendi ya muziki mzito wa roki. Aliazima maktaba vitabu vya uchawi. Katika mji wa kanisa kila kona, hayo yalitosha kumfanya gumzo. Ofisa wa ile ofisi na mpelelezi mmoja walipozungumza siku ya pili baada ya miili kupatikana, walikubaliana kwamba mauaji yanafanana na ibada ya shetani, na kwamba wanamjua mtu wa kuhojiwa. Wakaenda kwake siku hiyohiyo. Hakuna alama ya kidole, hakuna unyayo, hakuna shahidi. Mshukiwa alikuwa tayari, ikabaki kumtafutia ushahidi.

Mkumbuke nyakati zenyewe. Marekani ilikuwa imetoka kwenye miaka kumi ya kuogopa vikundi vya siri vya kuabudu shetani na kuchinja watoto. Kule California kesi ya shule ya chekechea ya McMartin iliburutwa kuanzia 1983 hadi 1990, na haikumtia hatiani hata mtu mmoja. Januari 1992, zaidi ya mwaka kabla ya mauaji haya, Kenneth Lanning wa shirika la upelelezi la FBI alitoa ripoti kwa polisi wa nchi nzima: miaka yote aliyofuatilia tuhuma hizi hakupata ushahidi wa vikundi vya namna hiyo. Karatasi ilikuwapo, kwa lugha yao, kutoka kwa watu wao wenyewe. Hofu haisomi ripoti.

Tarehe 3 Juni walimwita kijana wa nyumba za matela, Jessie Misskelley, miaka 17. Vipimo vilivyotajwa mahakamani vilimpa alama 72 za akili, yaani kijana mzito wa kuelewa. Alifika asubuhi, hakuwa na wakili, mzazi wake hakuwa naye chumbani. Walimpima kwa mashine ya kupima uongo, wakamwambia ameshindwa. Wakamwonyesha picha ya mmoja wa marehemu. Wakamsikilizisha sauti iliyorekodiwa ya mtoto mwingine. Kisha mkuu wa wapelelezi akachukua karatasi, akachora duara, akaweka nukta ndani na nukta nje, akamuuliza: wewe unataka kuwa ndani na wauaji, au nje na sisi?

Ndugu zangu, hilo si swali la upelelezi. Mtoto wa miaka 17 anayetaka kwenda nyumbani atachagua nje, na gharama ya kutoka nje ni kusimulia hadithi.

Kinasa sauti kiliwashwa inakaribia saa tisa alasiri. Katika siku nzima ya mahojiano, zilirekodiwa dakika kama 46 tu. Na hata hizo dakika zinajisema zenyewe. Misskelley alisema mauaji yalifanyika saa tatu asubuhi, wakati siku hiyo watoto walikuwa darasani hadi alasiri. Wakamuuliza tena, akasogeza saa. Wakamuuliza tena, akasogeza. Waliporudi kurekodi mara ya pili ilikuwa imeshakuwa jioni, kama wapelelezi walivyohitaji iwe. Alisema watoto walifungwa kwa kamba za kawaida, na kila askari mle ofisini alijua ni kamba za viatu. Ukiri wa kweli hukupa kitu ambacho hukukijua: hukupeleka kilipo kisu, hukwambia nguo zimefukiwa wapi. Ukiri huu uliwapa wapelelezi yale waliyokuwa nayo tayari, pamoja na makosa.

Usiku huo walikamatwa watatu: Misskelley, Echols, na rafiki yake Jason Baldwin wa miaka 16. Asubuhi yake waandishi walimuuliza mkuu wa wapelelezi, kwenye kipimo cha moja hadi kumi, kesi yako ina nguvu kiasi gani? Akajibu: kumi na moja. Watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye maelezo ya Misskelley yalikuwa gazetini, Memphis nzima inayasoma. Vijana wa redio, nawatazama. Aliyeyavujisha alikuwa na sababu zake, na mhariri alikuwa na mauzo yake, lakini baada ya siku ile ungempata wapi mtu wa eneo lile ambaye hajahukumu?

Mashauri yalihamishiwa miji mingine, Corning na Jonesboro, mwanzoni mwa 1994. Misskelley alishaukana ukiri wake. Alipata kifungo cha maisha na miaka 40 juu yake. Akakataa kutoa ushahidi dhidi ya wenzake. Maana yake, kisheria, jopo la wananchi kumi na wawili lililowahukumu Echols na Baldwin halikutakiwa hata kuugusa ukiri ule. Miaka baadaye zikaja tuhuma, pamoja na karatasi za kumbukumbu za jopo, kwamba waliuzungumza chumbani.

Na upande wa mashtaka ulileta nini? Uzi wa nguo uliosemekana unafanana na nguo za nyumbani kwa washtakiwa. Kisu kilichoopolewa kwenye ziwa nyuma ya makazi ya Baldwin. Mahabusu aliyesema Baldwin alimwungamia gerezani. Wasichana waliodai kumsikia Echols akijisifu kwenye uwanja wa mpira. Na mtaalamu wa mambo ya uchawi, mwenye shahada ya udaktari aliyoipata kwa njia ya posta. Wakili alipomuuliza alihudhuria madarasa gani, hakuwa na darasa la kutaja. Jaji alimruhusu aendelee. Yeye ndiye aliyewaeleza wananchi maana ya fulana nyeusi. Echols alihukumiwa kifo, Baldwin kifungo cha maisha.

Nisiwafiche upande wa pili, kwa sababu mtausikia. Misskelley alirudia kukiri baada ya kuhukumiwa, mbele ya waendesha mashtaka, huku wakili wake akimsihi anyamaze. Mpaka leo wako watu makini, si wajinga, wanaosimama hapo na kusema: mtu haungami mara zote hizo kwa jambo asilolijua. Mimi jibu langu ni kwamba kurudia hakusahihishi saa tatu asubuhi. Lakini nakubali ndilo jiwe gumu zaidi katika kesi hii, na wakili anayewaambia halipo anawadanganya.

Filamu ya hali halisi iliyotoka 1996 ndiyo iliyowafikisha vijana wale kwa watu wa nje. Michango ikaja, mawakili wazuri wakaja, na pamoja nao wataalamu ambao familia za matela zisingeweza kuwalipa. Madaktari waliotazama upya picha za maiti walisema majeraha mengi yaliyodaiwa kuwa ya kisu yanaonekana ni ya wanyama wa majini, baada ya kifo. Mwaka 2007 majibu ya vinasaba yalitangazwa: hakuna chembe ya yeyote kati ya wale watatu iliyokutwa eneo la tukio. Shahidi mmoja muhimu wa mwanzo, mama aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha malori na ambaye alikuwa na shida zake na polisi, alishasema 2004 kwamba aliyoyaeleza yalikuwa ya kutunga.

Mngedhani wale waliopigania haki wangekuwa wamejifunza. Wapi! Kwa miaka kadhaa, watetezi wa vijana wale walimgeukia baba mlezi wa mmoja wa marehemu. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mrefu, mwenye makelele, analia mbele ya kamera kwa namna ambayo watu hawakuipenda. Yaani kosa lilelile, kwa mtu mwingine: huyu anaonekana kama muuaji. Hakuwahi kushtakiwa, na mwisho yeye mwenyewe aliamini kwamba vijana wale hawana hatia. Kisha vidole vikahamia kwa baba mwingine, ambaye naye hajashtakiwa. Nasema hili kwa wanaharakati wenzangu kwa makusudi. Tunapenda kuwasema polisi. Sisi nasi tukipata jina tunalolipenda, tunakimbia nalo vilevile.

Sasa nirudi nyumbani, kama nilivyoahidi.

Mnaokumbuka Machi 2009, wakati wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, wananchi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa walijaza karatasi za siri kutaja wanaowashuku. Nilielewa uchungu wa serikali. Kama njia ya kupata fununu, karatasi ile si dhambi. Tatizo ni kijiji. Mkiwapa watu karatasi waandike muuaji ni nani, mtapata wauaji wachache, na mtapata wakwe wasioelewana, wenye mgogoro wa mpaka wa shamba, mjane aliyekataa kurithiwa, na bibi mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni miaka hamsini. West Memphis haikupiga kura ya karatasi. Ilipiga kwa minong'ono, na aliyeshinda alikuwa kijana wa nguo nyeusi. Kwetu mpiga ramli chonganishi hufanya kazi hiyo kwa malipo, na hana hata haja ya shahada ya posta.

Kwa upande wa ukiri, sisi tuna ulinzi ambao pengine hamuujui thamani yake. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa mpelelezi muda wa msingi wa saa nne za kumhoji mtuhumiwa, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Mtuhumiwa akipinga mahakamani maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikiwa polisi, shauri linasimama, inaendeshwa kesi ndani ya kesi kujua yalipatikanaje. Na tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda mwaka 1967, mahakimu wetu wanafundishwa kuutazama ukiri uliokanwa kwa jicho la tahadhari, na kutafuta kwanza ushahidi mwingine wa kuutegemeza. Haukatazwi kabisa, mahakama ikiridhika kwamba ni kweli tupu inaweza kuutumia. Kwenye vitabu tuko vizuri. Swali ni nani anayekaa na kijana wa kijijini kwenye chumba cha mahojiano, saa ya tatu ya muda ule, wakati mwanakijiji wa nje anapiga kelele kwamba atoke wamchome moto. Wasaidizi wa kisheria, hapo ndipo kazi yenu ilipo, kabla ya wakili kupatikana. Andikeni saa aliyokamatwa. Andikeni saa aliyoanza kuhojiwa. Mkiweza hayo mawili tu mmefanya kazi ambayo mimi, nikija miezi sita baadaye na joho langu, siwezi tena kuifanya.

Nimalizie West Memphis, maana imeishia pabaya kuliko wengi wanavyodhani.

Novemba 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya Arkansas iliamuru madai mapya, ya vinasaba na ya jopo, yasikilizwe. Kabla ya kusikilizwa, pande mbili zikaelewana. Tarehe 19 Agosti 2011 wale watatu walisimama mahakamani wakatumia utaratibu uliotokana na shauri la Alford la mwaka 1970: mshtakiwa anasema mimi sina hatia, lakini kwa manufaa yangu nakubali kutiwa hatiani, kwa kuwa serikali ina ushahidi unaoweza kunifunga. Wakatoka siku hiyohiyo, baada ya miaka 18. Baldwin alieleza kwamba hakutaka, alikubali kwa sababu Echols alikuwa anangoja kuuawa. Serikali ikaepuka kesi ya fidia.

Ona sasa fundo lilivyofungwa. Kwenye karatasi, wauaji wa watoto wale wanajulikana, wamekubali kutiwa hatiani, wametumikia. Kwa hiyo hakuna mpelelezi anayelipwa kumtafuta mtu mwingine. Kama vijana wale hawakuua, aliyeua analindwa na hukumu yao. Na kama waliua, wazazi wameona wauaji wakitoka kwa makubaliano ya ofisini, bila ukweli kusikilizwa hadharani. Upelelezi mbovu ulimdhulumu kila aliyeamini lolote kuhusu kesi hii.

Echols hakuacha. Aliambiwa vielelezo vimepotea, vingine vimeungua. Mwaka 2021 wakili wake akavikuta kituoni, pamoja na zile kamba za viatu. Jaji wa chini alimnyima vipimo vipya kwa hoja kwamba hayuko tena gerezani. Aprili 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo, majaji wanne dhidi ya watatu, ilisema anaweza kuomba hata akiwa nje. Kwa hiyo kamba ambazo mwaka 1993 hazikuwa na teknolojia ya kuzisoma sasa zina mlango wa kufika maabara.

Mwenyekiti, naona umeshainua karatasi ya dakika. Maswali nayapokea, na naomba la kwanza litoke kwa askari, sio kwa mawakili.